Manung'uniko Yapewe Kiti

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya afya ya usharika. Walutheri ndivyo tunavyouita, usharika. Mkatoliki ataniambia parokia, na wenzetu wa Kipentekoste watasema kanisa la mahali pamoja. Lolote utakaloliita, nazungumzia lile kundi la Wakristo unaokutana nao kila Jumapili, mnaosalimiana mlangoni, mnaochangiana arusi na kuzikana. Je, kundi hilo lina afya? Na tutajuaje?

Ukimuuliza Mkristo wa kwetu swali hilo, mara nyingi atakujibu kwa vipimo vitatu. Kwanza jengo: tumeshaezeka, tumeweka marumaru, imebaki kengele tu. Pili sadaka: mwaka huu tumevuka bajeti. Tatu watu: ibada ya kwanza inajaa mpaka wengine wanakaa nje chini ya turubai. Akiwa na furaha zaidi ataongeza kwamba kwaya yao imerekodi video. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Mvua ikinyesha paa ni neema, na anayepiga vita nyimbo nzuri ana matatizo yake mwenyewe.

Lakini wingi wa watu unaweza kutudanganya. Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walifariki kwa kukanyagana walipokimbilia kupita kwenye mafuta yaliyoombewa. Uwanja ulikuwa umejaa, na huenda wengi wa waliokuwa wakisukumana walikuwa hawajuani. Umati hukusanyika kwa saa chache, kila mtu na haja yake, kisha hutawanyika. Usharika ni watu ambao kesho wataulizana, mbona fulani hatukumwona? Kwa hiyo idadi peke yake haitatupa jibu, wala marumaru, wala bajeti.

Mimi leo nakuletea kipimo kingine, na huenda kikakushangaza. Nasema usharika wenye afya hujulikana kwa namna unavyoyapokea manung'uniko ya watu wake, hasa ya wale walio pembeni kabisa. Sikusema usharika usio na manung'uniko. Huo sijauona, na hata kitabu cha Matendo ya Mitume hakiujui.

Tunapenda sana kulitamani kanisa la kwanza. Tunahubiriwa jinsi walivyokuwa na moyo mmoja, walivyouza mashamba na kugawana, walivyoumega mkate nyumba kwa nyumba. Yote hayo yameandikwa. Lakini endelea kusoma mpaka sura ya sita. Hapo kanisa limekua, na palipo na wengi pana mengi. Wajane wa Wayahudi waliokuwa wakisema Kiyunani wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, huku wajane wa Waebrania, wenyeji wa lugha ya pale, wakihudumiwa. Watu wao wananung'unika. Tazama sasa mambo matatu: kuna chakula, kuna ukabila wa lugha, na kuna mwanamke asiye na mume wa kumsemea. Hilo si jambo la Yerusalemu peke yake. Ni kikao cha jana jioni.

Mitume wangeweza kufanya nini? Wangeweza kusema wanaonung'unika wana roho ya uasi. Wangeweza kuitisha maombi ya kufunga siku tatu dhidi ya pepo wa mafarakano. Wangeweza kusema, sisi tulitembea na Bwana, nyinyi mmekuja juzi. Hawakusema hata moja la hayo. Waliitisha mkutano wa wote, wakakiri kwamba kazi ya mgao hawaiwezi pamoja na kazi ya Neno, wakawaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wenye sifa njema. Majina ya hao saba tunayo: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaelekea kwamba ghala lilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Na mwandishi anatuambia matokeo yake: Neno likaenea na idadi ya wanafunzi ikazidi. Ukuaji ule tunaoutamani ulikuja baada ya kikao cha malalamiko.

Paulo ndiye aliyetufundisha kuliita kanisa mwili, basi niutumie mfano wake nami nisiuache mapema. Kuna ugonjwa ambao huua mishipa ya fahamu, ukoma. Kabla dawa zake hazijapatikana kwa wingi, wagonjwa wengi walipoteza vidole na nyayo. Sababu kubwa haikuwa kwamba ugonjwa wenyewe unakula vidole. Mtu alishika sufuria la moto asisikie, alikanyaga msumari akaendelea kutembea, kidonda kikaoza yeye hana habari. Maumivu tunayoyachukia ndiyo mlinzi wetu. Manung'uniko ya mjane ni maumivu ya mwili wa kanisa. Usharika unaojisifu kwamba kwetu hakuna anayelalamika, kabla hatujaupongeza, tuuchunguze kwanza kama mishipa yake ya fahamu ingali hai. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo watakaoniambia: ndugu mtangazaji, viongozi wa kanisa ni wapakwa mafuta wa Bwana, hawaguswi. Nawaelewa. Sisi ni watu wa heshima, na mkubwa hasemwi hadharani. Lakini Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, anaeleza bila kuficha jinsi alivyomkabili Petro pale Antiokia, uso kwa uso na mbele ya watu. Petro alikuwa akila na Wakristo wa mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga nao kwa kuogopa. Petro huyo ndiye aliyeongoza siku ya Pentekoste. Kama kuna mtu aliyepakwa mafuta, ni yeye. Aliguswa, na kanisa halikuanguka. Hata huko Korintho, habari za mafarakano zilimfikia Paulo kupitia watu wa nyumbani mwa Kloe. Paulo hakuwaita wambea. Aliwataja kwa heshima, akalifanyia kazi walilolileta.

Tuje sasa kwenye fedha, maana hapo ndipo mishipa ya fahamu hufa mapema zaidi. Paulo alipokuwa akikusanya mchango wa makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba Tito ataongozana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu kwa habari ya fedha nyingi kiasi hicho. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia. Mbele za wanadamu, msikilizaji. Paulo hakusema, Mungu anaujua moyo wangu, inatosha.

Linganisha na kwetu. Tuna bahasha za ahadi zenye namba. Tuna sadaka ya kawaida, ya shukrani, ya jengo, ya kinanda, ya gari la mchungaji, ya dayosisi, ya mavuno. Baada ya ibada tuna mnada, ambapo mkungu wa ndizi wa mama mmoja unanunuliwa mara tano na bado uko pale pale mbele. Watu wetu ni wakarimu, na mnada una raha yake; nimecheka mara nyingi katika minada hiyo. Swali ni moja: mama yule aliyeleta ndizi, akitaka kujua fedha ya kinanda ilikwenda wapi ikiwa kinanda hakijanunuliwa, atauliza wapi? Na akishauliza, Jumapili ijayo atasalimiwa kama alivyosalimiwa jana?

Usharika wenye afya hausubiri aulize. Sadaka inahesabiwa na zaidi ya mtu mmoja, siku ile ile, na hesabu inaandikwa na kutiwa sahihi kabla fedha haijaondoka mezani. Mapato yanatangazwa, na matumizi yanatangazwa vile vile. Hapo wengi tunapunguza nusu: kila Jumapili tunasikia kilichoingia, lakini kilichotoka tunakisikia mara moja kwa mwaka, tena kimesomwa haraka haraka. Mtunza hazina si mke wa mchungaji wala shemeji yake, hata kama ni waaminifu kama dhahabu. Wa kwanza kulindwa na utaratibu huo ni mchungaji mwenyewe, kwa sababu maneno ya mtaani hayana mahakama ya rufaa.

Kuna tabia nyingine inayohusu fedha na maskini kwa pamoja. Yakobo katika barua yake aliwakemea Wakristo waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia mwenye nguo kuukuu asimame au akae chini. Sisi leo viti vya mbele tumeviandikia wageni rasmi, na nina hakika Yakobo angekuwa na la kusema. Lakini tumeongeza la kwetu: kusoma kwa kipaza sauti majina ya ambao hawajamaliza ahadi. Tunasema ni kuwakumbusha. Aliyetajwa ni mwanamke aliyefiwa Machi, ana watoto wanne, na ahadi aliiandika Januari mumewe akiwa hai. Jumapili inayofuata hatutamwona. Baada ya miezi sita jina lake litahamia kwenye orodha ya waliorudi nyuma, na hakuna atakayeandika kwamba sisi ndio tuliomsukuma.

Na likija la mazishi? Wote tunajua ugomvi huo. Marehemu hakuwa akihudhuria jumuiya, hakulipa michango, basi asizikwe na kanisa. Jumuiya inatoa msimamo, familia inalia, mwinjilisti amekwama katikati. Naelewa viongozi wanachotaka. Wamechoka na Wakristo wanaoonekana kwenye ubatizo, kwenye arusi na kwenye jeneza tu. Lakini swali la kuuliza mbele ya jeneza ni la kwetu kwanza. Je, kuna aliyekwenda kwake alipoacha kuja? Alipokuwa mgonjwa, nani alimpelekea uji? Kama tulimkumbuka siku alipokufa ili kumnyima, basi mgonjwa alikuwa usharika.

Nimeitaja jumuiya, na sitaki nipite bila kuisifu. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi chini ya umoja wao wa AMECEA, na miaka mitatu baadaye wakarudi kwenye jambo lile lile: kulijenga kanisa kutoka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Parokia ya watu maelfu haiwezi kumjua kila mtu. Familia chache za majirani zinaweza. Wanakutana kila wiki, leo kwangu kesho kwako, wanasoma Maandiko, wanasali, halafu wanaulizana habari. Makanisa mengine nayo yamejenga utaratibu wa ibada za nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo mtu asiyeweza kusimama mbele ya watu 800 anaweza kusema, jamani, kwangu kuna tatizo. Bibi ambaye hakuwahi kushika kipaza sauti maisha yake yote, kwenye jumuiya anafafanua mfano wa mpanzi vizuri kuliko mwenye shahada, maana amelima.

Jumuiya hiyo hiyo ikigeuka kuwa ofisi ya kuandika mahudhurio na kukusanya michango, imekufa ingawa inakutana. Mtu anakwenda ili apate muhuri wa kumbatiza mtoto. Anaimba, anatoa mia tano, anaondoka na shida yake kama alivyokuja nayo. Ukitaka kujua jumuiya yako iko upande gani, angalia dakika za mwisho zinatumikaje. Zikitumika kusoma madeni, una jibu. Zikitumika kupanga nani atakwenda kumwona nani, una jibu jingine.

Kuambiana ukweli ndani ya kundi dogo si jambo geni kwetu; turudi nyuma kidogo tuingie Rwanda ya miaka ya 1930. Huko Gahini, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, uliwaka uamsho ambao baadaye ulivuka Uganda, Burundi, Kenya mpaka Tanganyika. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Wazee wetu waliookoka katika uamsho huo walikuwa na msemo wa kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa kwamba ndugu hawafichani. Wakikutana, kila mmoja alisema kosa lake, akaomba msamaha kwa aliyemkosea, akarudisha alichoiba. Kilichowashangaza watu wa zama zile ni kwamba mmisionari Mzungu naye aliungama mbele ya Mwafrika, akakiri kiburi na dharau yake. Wakati huo nchi zote hizi zilikuwa chini ya wakoloni. Nje ya chumba walimokutania hakuna Mwafrika aliyeweza kumwambia Mzungu umenikosea. Ndani ya chumba kile aliweza.

Uamsho huo ulikuwa na makosa yake. Kuungama kuligeuka sheria, na aliyekuwa na haya alionekana ana dhambi iliyojificha. Wengine wakapata mwanya wa kuungamisha majirani badala ya kuungama wenyewe. Hata hivyo ulilea watu wa namna fulani. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika uamsho huo, na baadaye akawa askofu mkuu wa kanisa la Kianglikana la Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa. Naona uhusiano hapo. Mtu aliyezoea miaka mingi kuambiwa ukweli na ndugu zake na kuusema bila chuki, siku ya kumwambia mtawala haanzi kujifunza.

Na kinyume chake kipo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi. Walikuwa wameambiwa dunia ingekwisha mwaka 1999 ukiisha. Wengi walikuwa wameuza mali zao. Katika habari zilizoandikwa baadaye, moja inanirudia kila nikifikiria jambo hili. Waumini walikatazwa kuongea ovyo, kwa hoja kwamba mdomo ungeweza kuvunja amri ya kutoshuhudia uongo, na mara nyingi waliwasiliana kwa ishara za mikono. Fikiria kundi la Kikristo ambamo mtu mzima hawezi kumwambia mwenzake, hii tarehe si imeshapita?

Miaka 23 baadaye ikaja Shakahola, kwenye msitu wa Kilifi nchini Kenya. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Kiongozi wa kundi hilo, Paul Mackenzie, alifikishwa mahakamani akakana mashtaka; hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini tunajua kwamba watu walihama mijini wakaenda kukaa porini, mbali na ndugu, mbali na shule na hospitali. Hao hawakuzaliwa wajinga. Walikuwamo waliosoma, waliokuwa na kazi. Walitengwa hatua kwa hatua na kila mtu ambaye angeweza kuwauliza swali, mpaka ikabaki sauti moja.

Serikali zetu zikishtuka huja na vipimo vyao. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 ikawataka wahubiri wawe na elimu ya theolojia, na imefunga maelfu ya nyumba za ibada kwa kukosa vyoo, usalama wa jengo au kwa kelele. Vyoo ni muhimu, na mchungaji kusoma ni jambo jema. Ila mkaguzi wa serikali hawezi kuona kama mjane anasikilizwa. Hiyo ni kazi ya waumini wenyewe, na hakuna leseni itakayowafanyia.

Najua hoja inayokuja. Utaniambia, mbona unafungua mlango wa fitina? Kuna watu kazi yao ni kunung'unika tu. Mchungaji akihubiri dakika 20 wanasema hakujiandaa, akihubiri saa nzima wanasema anachosha. Kweli wapo, na ninawafahamu, na wengine wananisikiliza sasa hivi. Ndiyo maana Yesu, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, aliweka utaratibu. Nenda kwa aliyekukosea, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia, liambie kanisa. Mfitini anaanza na hatua ya tatu, tena kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Kwa kosa la faragha, dawa ya fitina ni utaratibu huo wa hatua moja moja. Kwa jambo la wote, kama fedha na mgao, dawa ni kikao cha wote, kama mitume walivyofanya. Mkifunga milango yote miwili, wa kwanza kunyamaza atakuwa mnyonge. Mfitini hatanyamaza kamwe.

Na viongozi nao wana haki ya kusikilizwa. Mchungaji wa kijijini ana mitaa minne, pikipiki moja mbovu, mshahara wa miezi mitatu haujaja, na hana wa kumlalamikia. Anambatiza mtoto asubuhi, anazika mchana, jioni anapatanisha ndoa. Usharika wenye afya humwuliza hali yake na kumngoja ajibu. Wazee wa kanisa wanaokutana kwa ajili ya ujenzi peke yake, mwaka mzima wasimwulize mchungaji analala saa ngapi, nao wamekufa ganzi.

Nikumbushe pia jambo la Kenya. Mwaka 1986 Baraza la Makanisa la nchi hiyo lilipinga kura ya mlolongo, ile ya wapigakura kujipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka, kila mtu akiona. Mwaka 1988 mlolongo ulitumika hata hivyo, na maaskofu kama Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari wakaendelea kusema wazi, wakati kusema kulikuwa na gharama. Walijua kwamba mtu anayetazamwa na mkubwa wake anapochagua, hachagui. Leo makanisa mangapi yanawachagua wazee kwa kunyoosha mikono, mchungaji amesimama mbele anahesabu? Tulichoidai serikali, tuanze kukitoa sisi.

Msikilizaji, namalizia kwa jambo moja la kufanya. Katika mkutano mkuu wa usharika, ajenda mnaijua: kufungua, taarifa ya mchungaji, taarifa ya hazina, taarifa ya ujenzi, taarifa ya idara ya wanawake na vijana, na mwisho kabisa, mengineyo. Inapofika mengineyo ni saa tisa mchana. Watu wana njaa, wali umeshanukia, mwenyekiti anasema kwa sababu ya muda tuchukue maswali mawili tu. Mjane aliyekuja na neno lake tangu saa nne anarudi nalo nyumbani.

Pendekezeni mwaka huu mengineyo yawe ajenda ya pili, mara baada ya sala ya kufungua, na wa kwanza kupewa nafasi wawe wasio na cheo chochote. Kila swali liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayelijibu na tarehe ya jibu. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma majibu hayo. Hili halihitaji mfadhili, kibali cha dayosisi wala harambee. Likikataliwa kwenye kikao chenu, mtakuwa mmeshapata majibu ya kipimo, na mtajua pa kuanzia matibabu.